Mlango wa Dakika ya Tano

Ricky hakuniambia kwamba ameuharibu wimbo wa baba. Aliniambia ameusafisha.

"Nimekusafishia ile kazi yako, Mama Teta," alisema, macho kwenye simu. "Ilikuwa na uchafu mwingi. Watu wa hoteli wameisikiliza, wamekataa. Tusidanganyane, sha. Wale wazee wako hawajui kuimba pamoja."

Nilikuwa nimerudi Gisenyi jana yake, baada ya wiki tatu za kulala kwenye mkeka kando ya kitanda cha baba, hospitalini Kigali. Baba nilimwacha nyumbani, kitambaa cheupe shingoni. Teta, binti yangu wa miezi saba, nilikuwa naye mgongoni. Nilikaa mbele ya kompyuta ya studio yake, nikavaa hedifoni, nikabonyeza.

Wanaume watatu walianza kuimba kwa wakati mmoja, kila mmoja na maneno yake, kama watu wanaogombea kupita mlango mmoja. Baba anauliza, na kabla hajamaliza kuuliza ameshajibiwa. Hakuna anayemsubiri mwenzake. Ulikuwa ugomvi, si wimbo. Nikasogeza mbele, nikarudi nyuma, nikatafuta milio ya kasia. Haikuwepo.

"Ricky, kasia liko wapi?"

"Kasia gani?"

"Mwanzoni na mwishoni. Mara tatu na mara tatu."

"Ile ko-ko-ko? Si nimekwambia nimesafisha?"

Masikio yalinichemka ndani ya hedifoni.

Asiyelijua ziwa letu la Kivu ataona nakasirikia kitu kidogo. Basi nieleze. Wavuvi wa sambaza, wale dagaa wetu wadogo, hawaendi na mtumbwi mmoja. Wanaenda na mitatu, imefungwa kwa miti mirefu, wavu unaning'inia katikati, na hiyo mitatu pamoja tunaiita ekipe. Baba yangu, Théoneste, alikuwa kiongozi wa mtumbwi wa katikati kwa miaka thelathini na moja. Wimbo wa kuvuta wavu unaanzia kwake. Yeye anauliza, kisha mtumbwi wa kushoto unangoja makasia yaingie majini mara kadhaa ndipo unajibu, na wa kulia unaingia mwisho, juu ya wote wawili. Na hakuna anayegeuza shingo. Wavu ukiwa unapanda, mtu akigeuka kutazama nyuma mtumbwi unayumba na samaki wanamwagika, kwa hiyo kila mmoja anatazama maji yake na kuwasikia wenzake kwa mgongo. Kabla ya kuanza, mtu wa katikati anagonga ubavu wa mtumbwi kwa kasia mara tatu. Wavu ukishafungwa anagonga tena tatu. Bila kasia hakuna anayefungua mdomo.

Sasa Ricky, aliyekulia Kampala na asiyewahi kulowa miguu katika Kivu, aliona mtu wa kushoto amechelewa, wa kulia amechelewa zaidi. Akawarekebisha. Alikata kila sauti pale ilipoanza, akazisukuma zote tatu mwanzoni, zikaanza pamoja kama watoto wa shule wakiimba hesabu.

"Nirudishie ya kwanza," nilisema. "Ile ambayo haijakatwa."

"Nilifuta. Kompyuta ilijaa, na kulikuwa na harusi ya kurekodi."

"Ulifuta."

"Mama Teta, usinitolee macho. Tutarekodi tena. Ita wazee wako, waje Jumamosi."

Niliinuka, nikatoka hadi kwenye ngazi, nikamfungua Teta mgongoni nikampa ziwa anyonye, maana nilitaka mikono iwe na kazi.

*

Wazo la kurekodi lilikuwa langu. Hoteli moja ya ufukweni ilitaka nyimbo za wavuvi za kuwasikilizisha wageni, Ricky akapokea kazi, nami nikasema: mchukue baba yangu, na haraka. Daktari alikuwa ameshatuambia. Uvimbe wa kooni utatolewa Jumatatu, na kisanduku cha sauti kitatoka nao. Baba alimsikiliza daktari mpaka mwisho, akauliza swali moja tu.

"Jumamosi bado nitakuwa nayo?"

"Bado, muzee."

"Bon. Inatosha."

Ricky, kila siku, anamimina sauti zote katika mashine moja ya kuchanganyia, na kompyuta inapokea mchanganyiko. Ni kama chai na maziwa. Ukishamimina, nenda kayatoe maziwa. Nilimwambia hapana, safari hii kila mvuvi apate maikrofoni yake na mstari wake ndani ya kompyuta, ili mmoja akifunikwa tumwinue bila kuwagusa wengine. Kisanduku cha kuingizia maikrofoni nyingi kilikuwa kimekufa matundu yote isipokuwa moja. Zilibaki maikrofoni tatu ndogo za kuchomeka moja kwa moja kwenye kompyuta, zile za watangazaji wa mitandaoni.

"Kompyuta inasikia moja tu," Ricky alisema. "Ukichomeka tatu, inachagua moja, mbili zinakuwa mapambo."

"Unaweza kuifanya ione zote tatu kama kifaa kimoja. Tulifundishwa."

"Ah. Msomi wa jioni." Alicheka. "Haya, fanya. Ikikwama, utawaeleza hoteli wewe."

Ndiyo, msomi wa jioni. Niliajiriwa pale studioni kufagia na kupokea simu, na kompyuta nilijifunza saa kumi na mbili jioni katika darasa la parokia, kwa Mwalimu Vestine, aliyerudi kutoka Tanzania na ambaye hakuwahi kuniuliza kwa nini nimekuja na tumbo kubwa. Ni yeye aliyetuonya. Maikrofoni za aina hiyo kila moja ina saa yake ndani, na saa hizo hazitembei sawa. Baada ya dakika chache mistari inaachana kwa kupepesa jicho, na sauti zinaanza kuwa kama za mtu anayeimba ndani ya debe. Dawa yake ni mlio mmoja mkali mwanzoni na mwingine mwishoni, ambao maikrofoni zote zitausikia. Ukiipanga mistari kwenye ile milio miwili, imekaa.

Nilipomweleza baba kwamba nitahitaji mtu apige makofi, alinitazama kwa huruma.

"Mutoto wangu. Na kasia?"

Nilicheka hadi nikakaa chini. Kumbe wavuvi walikuwa wanafanya kazi yangu tangu kabla kompyuta haijazaliwa.

*

Jumamosi ile waliingia saa kumi alasiri, kabla ya kwenda ziwani: baba, Niyomugabo wa mtumbwi wa kushoto na Ndahiro wa mtumbwi wa kulia. Ricky alitaka wasimame duara, watazamane, wachangamke.

"Tutazamane juu ya nini?" Niyomugabo alimuuliza. "Mi nimemutazama huyu muzee miaka makumi mbili. Iko vilevile, mubaya."

Nikawapangia mabenchi kama ekipe. Baba katikati, uso ukutani. Niyomugabo kushoto, uso kwenye ukuta wake. Ndahiro kulia, karibu na mlango, uso dirishani. Migongo tu. Baba aligonga sanduku la mbao kwa kasia mara tatu, na chumba kile kikawa maji.

Sitaki kuueleza wimbo. Nitasema tu kwamba baba aliimba kwa lile koo bovu kama mtu anayemaliza chakula chote kwa sababu anahama. Muda mfupi baadaye Ndahiro alipandisha sauti, Teta akashtuka, akatoa ukelele mmoja mkali kama kifaranga aliyekanyagwa. Nikamweka kifuani, akanyamaza. Ricky alinikazia macho kupitia kioo cha chumba cha kompyuta.

Kwenye dakika ya tano Teta aliachia ziwa, akawa anaguguma, ba-ba-ba, kwa furaha, akimfuata babu yake. Ricky akaingia. Akanishika kiwiko, akaninong'oneza.

"Toka. Toka na huyo mtoto."

Alinisukuma hadi koridoni, akarudi ndani, akaubamiza mlango nyuma yake kwa nguvu hadi ukuta ukatikisika. Sijui ni mtu gani anayefukuza kelele ya mtoto kwa kelele ya mlango. Mle ndani hakuna aliyegeuka, kwa sababu hawageuki. Niliusikiliza mwisho wa wimbo wa baba yangu, wimbo wake wa mwisho duniani, nikiwa nimebandika sikio kwenye ubao.

Walipotoka walikuwa na haraka, jua lilikuwa limeshuka. Baba alimpapasa Teta kichwani. Mimi hakunigusa. Kesho yake ndani ya basi alitazama dirishani hadi Kigali, nikafikiri ni woga. Na baada ya operesheni, wiki tatu zote, mkono wake ulinionyesha maji, ulinionyesha mto, ulinionyesha shuka. Haukuuliza hata mara moja kuhusu wimbo. Nikafikiri ni maumivu.

*

Kwa hiyo Ricky aliposema "tutarekodi tena", pale kwenye ngazi niliyameza maneno mengi. Nilisubiri Teta ashibe. Kisha nilirudi ndani, nikakaa kwenye kompyuta, naye akaenda kula.

Nilikuwa na mistari mitatu isiyo na mwanzo wala mwisho. Kila mmoja umekatwa mahali pake, na hakuna alama ya kusema huyu aliingia lini baada ya yule. Ningeweza kukisia. Nilijaribu. Ukimchelewesha Niyomugabo kidogo tu kuliko inavyotakiwa, anakuwa mtu anayejibu baada ya kuulizwa mara mbili. Ukimwahisha, anamkata muzee kauli. Nilisukuma mbele, nyuma, mbele. Kila niliposikia sauti ya baba ikikanyagwa, hasira ilipanda upya, na si ya Ricky peke yake. Nilijikasirikia kwamba sikuweka nakala kwenye flashi, kwamba nilikimbilia basi nikawaachia watu kitu kama kile.

Nikawa nausikiliza mstari wa baba peke yake, nimekata tamaa, nataka tu kumsikia. Na pale, kwenye sekunde ya hamsini na moja, nyuma ya sauti yake, kwa mbali: kifaranga aliyekanyagwa.

Teta.

Nilifungua mstari wa Niyomugabo. Sekunde ya arobaini na tatu, Teta. Mstari wa Ndahiro, sekunde ya ishirini na tisa, Teta, kwa nguvu zaidi. Mtoto mmoja, ukelele mmoja, maikrofoni tatu. Ricky alikuwa ameitoa milio ya kasia kwa sababu ilikuwa mwanzoni kabisa, wazi, inaonekana. Kilio hakuweza kukitoa. Kilikuwa kimeshikana na sauti za wazee.

Niliupanga ukelele juu ya ukelele juu ya ukelele. Nikabonyeza. Baba akauliza. Makasia mawili ya hewani, na kwenye sekunde ya nane Niyomugabo akajibu. Kisha Ndahiro akaja juu yao kama paa juu ya nyumba. Nilishika mdomo. Teta, amelala mapajani mwangu, hakujua kwamba amefanya kazi ya mtu mzima.

Lakini kuanzia dakika ya tatu walianza kuingia ndani ya debe. Saa za maikrofoni. Nilihitaji alama ya pili, ya mwishoni, na Teta hakulia tena, kinywa chake nilikiziba mimi mwenyewe kwa ziwa. Kuguguma kwake kulikuwa laini mno, hakukuwa na ncha ya kushika.

Nikakumbuka ukuta ulivyotikisika.

Ulikuwa pale, kwenye mistari yote mitatu, unaonekana kama jino: mlango wa Ricky. Nilipousikiliza uligonga mara mbili, karibu sana, tu-tum, kwa sababu ya zile saa. Nikauvuta mstari wa Ndahiro kidogo, nikaufupisha wa Niyomugabo kidogo. Tu-tum. Tena. Tutum. Tena.

Tum.

Mlango mmoja. Na kutoka kwenye kilio cha mwanangu hadi mlango ule, wanaume watatu walivuta wavu mmoja.

*

Ricky alirudi akichokonoa meno. Alisimama nyuma yangu, akasikiliza mpaka mwisho. Kwa mara ya kwanza hakuwa na simu mkononi.

"Hii ni nzuri," alisema. "Kumbe walijua kuimba."

Nilimsogeza Teta mapajani.

"Hoteli wataipokea. Sasa toa ule mlango."

"Hautoki."

"Kila kitu kinatoka, Mama Teta. Kata hiyo sekunde."

"Chini ya mlango kuna sauti ya baba. Iko neno moja pale, refu. Ukiukata mlango, umemkata na yeye."

"Basi aje aimbe hiyo sehemu tu. Dakika mbili."

Nilivua hedifoni. "Ricky. Nilikuwa wapi wiki tatu?"

"Hospitali. Muzee alikuwa..." Alisimama hapo.

"Nilikwambia Alhamisi, nilikwambia Ijumaa, nilikwambia Jumamosi asubuhi umesimama hapohapo ulipo. Hana sauti tena. Wamemtolea. Anapumua kwa tundu la shingo. Uliyofuta ndiyo ilikuwa sauti yenyewe."

Alitazama kompyuta, kisha Teta, kisha sakafu. Nilingoja neno "samahani". Halikuja. Lilikuja lingine.

"Hoteli hawatachukua wimbo wenye mlango."

"Wasichukue."

"Na we kesho, tafadhali, ukuje bila mutoto. Iko kazi ya kwaya saa nne, watu makumi tatu."

"Kesho nakuja na Teta. Na hiyo kwaya ina maikrofoni tatu za kuchomeka, na wewe unajua kuchomeka moja."

"Unanitisha?"

"Ninakukumbusha."

Niliutia wimbo kwenye flashi, mara mbili, flashi mbili. Nikachomoa maikrofoni moja nikaiweka kwenye begi la nepi mbele ya macho yake. 

*

Nilipitia kwa Mwalimu Vestine, akaniazima kompyuta yake ndogo. Nyumbani nilimkuta Niyomugabo ameleta sambaza kwenye ndoo, amekaa kando ya baba anamsimulia habari za ziwa kwa niaba ya watu wawili, yeye akiuliza na yeye akijibu.

"Ah, mukimbizi amefika," aliniambia. "Tulikuwa tunakusema. Muzee anaimba mara ya mwisho, mutoto wake mwenyewe anatoka anaenda kunywa fanta."

Nilidhani ni utani. Nikamtazama baba ili tucheke. Hakuwa anacheka. Alikuwa anazitazama sambaza.

Ndipo nilipoelewa zile wiki tatu. Maji, mto, shuka. Alikuwa amesikia kwa mgongo wake, kama wanavyosikia wote, mtoto anaguguma, halafu mtoto hayupo, mlango umefungwa kwa hasira. Hakugeuka kuona ni nani aliyeufunga. Alibeba jambo hilo hadi kwenye kisu cha daktari, na alipoamka hakuwa na mdomo wa kuniuliza.

"Papa," nilisema. Nikaweka kompyuta juu ya meza, nikabonyeza.

Alisikiliza akiwa amefumba macho. Kwenye ukelele wa Teta kona ya mdomo wake ilisogea. Niyomugabo alijisikia mwenyewe akiingia, akanong'ona, "Mi niko muzuri kweli." Dakika ya nne ikapita. Kisha, kwa mbali, kwenye mstari wa Ndahiro aliyekuwa karibu na mlango, sauti ya Ricky: toka, toka na huyo mtoto. Na mlango.

Baba alifumbua macho. Akainua mkono. Nikasimamisha. Akachora duara hewani: tena.

Nikarudia. Toka na huyo mtoto. Tum. Na chini ya ule mlango, neno lake refu, lisilotikisika.

Alinionyesha mimi kwa kidole, kisha akaonyesha mlango wa nyumba yetu, akasukuma hewa kwa kiganja.

"Ndiyo, Papa. Nilitolewa. Nilikuwa nyuma ya mlango hadi mwisho."

Hewa ilitoka kwenye tundu la shingo yake kwa mfululizo, bila sauti, uso ukawa mwekundu wa shaba, na Niyomugabo akashika goti lake akisema taratibu, muzee, taratibu. Sijawahi kumwona mtu akipiga kelele kubwa hivyo bila kelele. Alipotulia alinivuta kwa shingo, akaweka paji lake la uso kwenye langu, akakaa hivyo mpaka Teta alipoanza kumvuta kitambaa.

Kisha alinyanyua vidole vitatu. Akatikisa kichwa. Akaelekeza nyuma ya kabati, ambako kasia lake lilikuwa limeegemea ukuta tangu siku ile.

"Najua, Papa. Alizifuta. Ndiyo maana nimekuja na hii."

Nikachomeka maikrofoni. Niyomugabo akamletea kasia, yeye akaligeuza mikononi, akatafuta mahali lilipozoea kushikwa. Aligonga benchi mara tatu, polepole, kama kila jioni ya miaka thelathini na moja, na nikaziweka mwanzoni, mahali pake.

"Na za kufunga," nilimwambia.

Hizo hakuzigonga vilevile. Kuna wavu unaofungwa kwa shukrani, na kuna wavu ambao mtu ameukanyaga ukiwa bado majini. Alitazama mlango wakati akigonga. Ya kwanza ililirusha kasia juu, ya pili ilimwaga ndoo ya sambaza, na ya tatu ilipasua ubao wa benchi kutoka mwisho hadi mwisho.

Niyomugabo aliinua miguu yake juu. Teta alishtuka, akamtazama babu yake, akafungua kinywa.

Sikumzuia.